Mpishi wa Barazani

Baba yangu alinifundisha kutengeneza pasta akiwa amekaa barazani, mimi nikiwa jikoni, na kati yetu dirisha lenye wavu wa mbu. Ukitaka kujua ni mtu wa namna gani, anzia hapo. Alipika miaka thelathini na moja kwenye kambi za watalii, mingi kati ya hiyo chini ya bibi mmoja wa Kiitaliano aliyemfundisha kila kitu, na watu waliosafiri nusu ya dunia walikuwa wakisimama kumpigia makofi akitoka na sinia. Lakini nyumbani kwake Nangara hajawahi kuwasha moto hata wa kuchemsha maji ya kunywa.

Wanaume wengi wa huku kwetu hawaingii jikoni, na siwashangai, kwa sababu hawajui lolote la humo. Wakiingia watatupa kazi ya kusafisha tu. Baba yangu, mzee Theodori, anajua. Anajua kuliko mimi, kuliko mama yangu alivyojua, kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, na pamoja na kujua kwake huko alikuwa anakaa mezani, anagonga meza kwa kidole, anauliza chakula kitaiva lini.

Sikuwa nimemwomba kitu chochote kwa miaka mingi. Tuliishi nyumba moja tukisalimiana asubuhi na jioni, na hiyo ilitutosha. Lakini wiki ile kulikuwa na nafasi ya kazi kwenye lodge mpya karibu na ziwa, na mpishi mkuu wa pale, kijana wa Kichaga anayeitwa Octavian, alikuwa ametuambia waombaji watatu kwamba Jumamosi kila mmoja atatengeneza mbele yake karatasi za lazanya, pasta pana ya kupanga tabaka tabaka, kwa mkono, bila mashine. Wageni wao wengi ni Waitaliano na wamechoka kupewa pasta za boksi. Wenzangu wawili walikuwa na vyeti vya chuo. Mimi nilikuwa na miaka minane ya kuchoma chapati kwenye mgahawa wa karibu na stendi, ambako bosi ananiita "wewe" na wateja wananiita "dada wa chapati". Nisingepata kazi ile, nisingepata nyingine. Umri wangu ulikuwa thelathini na mmoja na hakuna aliyekuwa ananitafuta.

Kwa hiyo Jumanne jioni nilimwomba anifundishe. Akanijibu kwamba kupika kwa ajili ya watu si kazi ya mtu mwenye akili, niolewe. Nikamkumbusha kwamba kupika kwa ajili ya watu ndiko kulikojenga nyumba aliyokuwa amekaa ndani yake. Kesho yake asubuhi, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akasema nitafute mayai ya kienyeji, ya kisasa kiini chake ni maji matupu, na nipite sokoni ninunue mpini mpya wa jembe, niuparue kwa kipande cha chupa na kuuosha, kwa sababu mti wa kusukumia chapati ni mfupi. Ndivyo alivyokubali, bila kutamka neno la kukubali.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini. Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafuta meza ya jikoni, unga wa ngano uko juu yake, mayai yako kwenye bakuli. Jikoni kwetu ni chumba cha nje, mlango wake unatazama uani, hatua nne tu kutoka baraza la nyuma. Nilidhani ataingia. Badala yake alisogeza kiti chake hadi chini ya dirisha, akakaa akinipa mgongo nusu, akafungua redio, akasema nianze.

Nilianza kama mikono yangu ilivyozoea. Nikachukua unga, nikatia chumvi, nikamimina mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu, nikavunja mayai mawili juu yake. Hakuwa ananitazama lakini alisikia maji. Akauliza hayo maji ni ya nini. Nikamweleza.

"Hiyo ni chapati," alisema kutoka dirishani. "Wapelekee mafundi wanaojenga kule Sigino, wana njaa. Mwaga, anza upya."

Sikumwaga, niliweka pembeni. Nikaanza upya kama alivyotaka: unga peke yake, mlima wake, shimo katikati, mayai ndani ya shimo, uma, unakoroga taratibu ukila kingo za unga kidogo kidogo mpaka yai lisiwe na pa kukimbilia. Hakuna maji, hakuna mafuta. Unga ukawa mgumu kama udongo wa kufyatulia tofali. Nikakanda. Kila nilipopumzika alijua, sijui kwa vipi, labda kwa kuikosa sauti ya meza, na kila alipojua alikuwa na neno. Mara mikono yangu ni ya mtu anayefua soksi. Mara ninaubembeleza unga kama vile ni mgonjwa. Mara bibi yake wa Kiitaliano angekuwepo angenifukuza kabla ya chai. Nikamwambia bibi yake wa Kiitaliano hayupo, na kwamba mimi si kijana wake wa kuosha sufuria. Akaongeza sauti ya redio.

Donge likalainika. Nikaliacha mezani lipumzike kama ninavyoacha madonge ya chapati, nikatoka kuchota maji. Niliporudi upepo wa mlimani ulikuwa umeingia mlangoni na kulikausha juu, likawa na gamba. Nikalisukuma hivyo hivyo, gamba likapasuka kila mahali. Nikalipeleka dirishani nikalishika juu alione. Aligeuza kichwa kidogo.

"Ngozi ya mamba," akasema. "Hukufunika."

"Hukuniambia nifunike."

"Mtu mwenye akili anahitaji kuambiwa afunike unga?"

Mayai manne yalikuwa yameshakwenda. Donge la tatu nililikanda kwa hasira na nadhani hasira ndiyo iliyolisaidia, kwa sababu lilitoka laini na la njano, likirudi taratibu ukilibonyeza. Nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikalifunika na bakuli, nikakaa kwenye kigoda nikilitazama kwa nusu saa nzima. Redio ilikuwa inasoma bei za mahindi.

Halafu nikaligawa madonge matatu, nikaanza kusukuma la kwanza kwa mpini wa jembe, na hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Chapati unaisukuma, unaizungusha, ikifika ukubwa wa sahani umemaliza. Hii ilitakiwa ienee meza nzima, iwe nyembamba mpaka kivuli cha mkono kionekane, na kila nilipoikandamiza ilirudi nyuma, nilipoizidishia nguvu ikachanika katikati. Alinielekeza kwa mdomo. Izungushe kwenye mpini. Fungua. Vuta, usivute. Sukuma mbele huku mikono inakwenda pembeni. Niliuliza pembeni wapi. Alisema pembeni ni pembeni. Nikachana ya pili. Alitukana, si tusi kubwa, lakini lilinifika.

Nikaacha mpini. Yalikuwa yamebaki mayai matatu na donge moja lililopumzika, na siku moja tu kabla ya Jumamosi. Nikamwambia aje aushike unga mwenyewe anionyeshe.

"Ulete hapa," akasema.

"Sileti. Huwezi kusukuma unga kwenye mapaja. Meza iko huku."

Nikaendelea kumwambia kwamba haya mambo hayafundishiki kwa maneno na yeye anajua, kwamba hata bibi yake hakumfundisha kwa kupiga kelele dirishani. Nikamwambia kama haji nitawasha moto nipike ugali, na Jumamosi sitakwenda popote, na atakuwa na binti wa chapati mpaka kufa kwake. Niliyasema yote bila kupandisha sauti, na nadhani hicho ndicho kilichomfanya azime redio.

Akauliza kama geti limefungwa. Nikasema limefungwa. Lilikuwa limerudishwa tu na komeo lake, kama kawaida ya mchana.

Akasimama. Alifika mlangoni mwa jiko akasita, akainamisha kichwa ingawa mlango si mfupi, akaingia. Alivua sweta akalitundika kwenye msumari, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajifuta, akapitisha kiganja juu ya meza. Kisha akanyunyiza, si ngano, bali unga wa sembe kidogo niliokuwa nao kwenye kopo, akaweka donge, akaanza.

Sitadanganya: ilikuwa nzuri. Sijawahi kuona mtu akifanya kazi hivyo. Mpini ulikuwa unatembea peke yake, mikono yake ikianzia katikati na kuachana kwenda kila upande, myepesi, kama anayelainisha shuka la kitanda cha mtoto aliyelala. Unga ulikuwa unakubali. Aliuviringisha kwenye mpini, akausukuma mbele, akaufungua umeongezeka, akaugeuza, akarudia. Hakunitukana tena. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, akiniambia niangalie viganja vyake na si unga, kwamba nguvu yote iko kwenye kuachia. Nilikuwa naangalia viganja vyake na moyo wangu ulikuwa unajaa chuki.

Nilikuwa darasa la tano mama yangu, Consolata, aliporudi kutoka kufanyiwa upasuaji. Hakuweza kusimama. Baba alikuwa likizo mwezi mzima. Nilipika mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ugali wenye madonge na maharage yaliyoungua, na kovu la mvuke bado liko kwenye mkono wangu wa kushoto. Mama alikuwa anashindwa kula vyakula vyangu, anameza matonge mawili anarudisha sahani. Siku moja akamwomba Baba, kwa adabu kabisa, ampikie supu ile anayowapikia wazungu, hata kikombe kimoja. Alimjibu kwamba kazini yeye ni mpishi, nyumbani ni baba. Akaniita niongeze maji kwenye maharage. Mama hakumwomba tena, na mwaka uliofuata tukamzika Dareda kwao.

Mikono hiyo hiyo. Ilikuwepo mwezi mzima, mizima, imenawa, imekaa mezani.

Karatasi ilikuwa imefika kingo za meza. Baba aliiinua kwa nyuma ya mikono miwili, akaigeuzia mlangoni ili mwanga upite, na nikaona vidole vyake vyote upande wa pili. Alikuwa anatabasamu. Akasema zimebaki kingo tu, kingo ndizo zinazowashinda watu, nisogee anionyeshe. Nikasogea.

Hapo ndipo hodi ilipopigwa, na mzee Sosthenes hakusubiri karibu. Ni mwenzake wa siku zote, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mtu mwema lakini mdomo wake haulali. Alikuwa amepitia geti, akazunguka nyuma kama anavyofanya kila wiki, akamkuta rafiki yake mlangoni mwa jiko na karatasi ya unga mikononi, na unga kwenye ndevu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Akauliza tangu lini mzee Theodori ameolewa. Akauliza kama kwenye jumuiya wamweke zamu ya kupika siku ya sherehe, pamoja na kina mama.

Baba alitupa karatasi mezani. Ilianguka vibaya ikajikunja, na mahali ilipojikunja ikagandana.

"Nimeingia kumfokea huyu mtoto," alisema. "Anachezea mayai. Mimi jikoni kwangu sijawahi kuingia tangu nijenge, unajua wewe."

Akavaa sweta juu ya unga wake, akanipita bila kunitazama, akarudi barazani, akamvutia mgeni kiti. Mimi nikatoka nikamwamkia mzee Sosthenes, akaitikia marahaba huku anafuta machozi ya kicheko. Kisha Baba akaweka miguu sawa, akasema kwa ile sauti ya kila siku, ile ya mezani:

"Jovita. Leta chai."

Naomba ieleweke kwamba nilijua. Nilikuwa namfahamu vizuri. Kama ningeleta chai kwenye sinia, nikapiga goti kidogo mbele ya mgeni, nikawanawisha mikono na kurudi ndani, mzee Sosthenes angekunywa akaondoka, na Baba angefunga geti kwa kufuli safari hii, akarudi jikoni akanimalizia kingo. Kazi ya lodge ilikuwa pale, kwenye sinia ya chai. Ilikuwa inahitaji dakika kumi na tano za kunyamaza, na nimenyamaza maisha yangu yote, sijui nilishindwa nini.

"Chai iko jikoni, Baba," nikamwambia. "Njia unaijua. Umetoka huko sasa hivi."

Mzee Sosthenes akaacha kucheka. Huku kwetu mtoto hamwambii baba yake maneno hayo, na mbele ya mgeni ndiyo kabisa. Baba alinitazama, shingo imekakamaa. Mgeni akasema amekumbuka ana mtu anamsubiri Bonga, akasimama. Baba naye akasimama, akachukua kofia yake, wakaondoka pamoja.

Nilibaki na mayai matatu. Nikavunja yote. Nikakanda, nikafunika, nikasubiri, nikasukuma. Sikufikiria neno lake hata moja. Nilifikiria viganja. Kingo zilinishinda mara mbili na donge nikalikusanya na kuanza tena, ingawa alishasema donge lililokusanywa halifai. Saa kumi na moja jioni niliinua karatasi yangu mlangoni nikaona vidole vyangu vyote, na kovu.

Ijumaa nzima hatukuongea. Nilimwamkia, akaitikia, kwa sababu hata ugomvi una mpaka wake. Nilimwekea chakula, akala.

Jumamosi wenzangu walitangulia. Wa kwanza karatasi yake ilikuwa nzuri katikati na nene pembeni kama ukingo wa bakuli. Wa pili iling'ang'ania meza, ikabidi aikwangue. Ilipofika zamu yangu niliomba sembe, wakacheka, wakaniletea. Sikuwatazama. Nilipomaliza, Octavian alichukua gazeti, akalipitisha chini ya karatasi yangu, akainama akasoma kichwa cha habari kwa sauti, neno kwa neno. Akagusa kingo zote nne kwa kidole gumba. Akaniuliza nani amenifundisha, kwa sababu hii, alisema, si ya chuo.

Nilikuwa na jina. Najua lingefika mbali, kwa maana wapishi wa kambi wanajuana, na Octavian angeweza hata kulipigia makofi.

"Hakuna," nikasema. "Mama yangu alikufa mapema. Na baba yangu hajawahi kuingia jikoni kwake tangu ajenge."

Akaandika jina langu.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa amesimama getini. Hakuwa kwenye kiti. Sijui alisimama tangu saa ngapi, lakini viatu vyake vilikuwa na vumbi la barabarani na alikuwa amenyoa ndevu. Nikamwamkia. Aliitikia haraka haraka, akaniuliza kama nimepata.

"Nimepata. Naanza Jumatatu."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akauliza kama mpishi aliinua karatasi kwenye mwanga, nikasema alitumia gazeti, na nikaona furaha ikimpanda usoni hata akashindwa kuificha. Akasogea karibu.

"Aliuliza nani amekufundisha?"

"Aliuliza."

"Ukamwambiaje?"

Nikamwambia nilivyomwambia, neno kwa neno. Na nilifurahi kumwambia. Nilifurahi kuona uso ule unavyozimika, na sijatubu mpaka leo, ingawa naye ni baba yangu na anazeeka. Alishika komeo la geti akalichezea. Nilidhani atafoka, nilikuwa nimejiandaa.

"Miaka thelathini na moja, Jovita," akasema taratibu. "Walikuwa wananipigia makofi."

"Najua, Baba. Hata Mama alijua."

Nikampita nikaingia ndani.